Udhuru wa Feri

Kutoka Changamwe mpaka Timbwani, mtu mwenye akili zake hupanda matatu hadi mjini, akashuka kivukoni, akavuka na feri, akafika kabla chai ya chupa haijapoa. Mimi na mama yangu tulichukua siku mbili. Tulikwenda kwa miguu, tukaizunguka bandari nzima, kwa sababu mama alikuwa na nadhiri, na nadhiri yenyewe ilikuwa juu yangu.

Nieleze. Nilikwenda Saudia kufanya kazi za nyumba nikiwa na miaka ishirini na miwili. Mtoto wangu wa kike nilimwacha kwa mama, ana miaka mitatu. Babake alikuwa keshatokomea, wala simtaji. Nyumba ya mama iko karibu na uwanja wa ndege, na ndege hupita chini chini juu ya bati letu mpaka sufuria zikatetemeka. Ile iliyonichukua mimi ilipita papo hapo. Nilikwenda kwa mkataba wa miaka miwili, nikakaa tisa. Katika hiyo tisa kuna miwili ambayo mwajiri alininyang'anya simu, na huku nyumbani hawakuisikia sauti yangu hata mara moja. Ndipo mama alipoweka nadhiri. Alisema: Mola akinirejeshea mwanangu mzima, nitakwenda naye, mimi na yeye, kwa miguu yetu, kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye kaburi la yule sheikh wa kwetu Timbwani, pasi na kupanda chombo chochote. Tumfukizie ubani, tumsomee, tumshukuru Mungu.

Nikarudi. Mzima, au karibu na mzima. Nadhiri ikakaa.

Ikakaa kwa sababu ya feri. Mama alisema feri ni chombo, na yeye kaapa hapandi chombo, basi afanyeje? Kaka yangu akamwambia, "Mama, panda feri, lakini usikae. Tembea humo ndani toka mwanzo mpaka mwisho." Mama akamtazama. "Ukitembea ndani ya feri, nani anayekuvusha, miguu yako au feri?" Halafu serikali ikaleta lile daraja la kuelea la wapita kwa miguu, watu wakawa wanavuka Likoni wakitembea. Nikasema, haya, leo hana la kusema. Lo! Alikuwa nalo. "Kinachoelea ni chombo," akasema, "kiwe kirefu, kiwe kifupi." Mwisho kaka, ambaye siku hizi amefuga ndevu na mambo ya makaburi hayataki hata kuyasikia, akamwambia basi alishe masikini kumi, aivunje nadhiri kisheria, imtoke shingoni. Mama akamjibu, "Mie sikuweka nadhiri ya pilau."

Tulicheka sana siku ile. Mimi nilicheka na wenzangu, lakini moyoni nilikuwa najiuliza: mwanamke huyu aliyelia miaka miwili nirudi, sasa nimerudi, mbona kushukuru kunamuwia kazi?

Na kurudi kwenyewe, jamani. Nilirudi na masanduku matatu ya zawadi, mtoto ana miaka kumi na miwili. Mama yangu ndiye anayemwita mama. Mimi huniita dada, kwa kuwa alimsikia mjomba wake akiniita hivyo, na hakuna aliyemsahihisha. Nami sikumsahihisha. Ungemwambiaje mtoto wa miaka kumi na miwili, niite mama, nawe hujui hata kama anapenda mkate wa mayai au mahamri? Asiyekuwepo na lake halipo. Nililala sebuleni kwenye godoro la wageni, yeye na bibi yake chumbani, nikiwasikia wakinong'onezana na kucheka. Ukiingia wananyamaza. Wallahi, Saudia nilikuwa peke yangu katika nyumba ya watu, lakini kule nilijua sababu.

Mwaka jana nilipata kazi ya kupika kwenye mkahawa huko Kisauni, nikapanga vyumba viwili Mtopanga. Viwili, si kimoja. Nikanunua kitanda cha pili na chandarua cha pinki kama cha mtoto mdogo. Nikakifunga, nikasimama katikati ya chumba nikakumbuka kuwa mwanangu ana miaka kumi na saba. Nilikiacha vivyo hivyo. Nikaenda Changamwe nikamwambia mama, mbele ya sahani ya wali, kuwa shule zikifunga nataka kumchukua mtoto wangu akakae nami. Mama akasema, "Kula, chakula chapoa." Basi.

Siku ya tatu akanipigia simu. "Ile barabara mpya ya Dongo Kundu," akasema, "madaraja yake yamesimama juu ya nguzo?"

"Yamesimama juu ya nguzo, mama."

"Hayaelei?"

"Hayaelei."

"Basi udhuru umekwisha. Jumamosi, baada ya alfajiri."

Kweli, barabara ile inatoka upande wa Miritini, inaruka maji ya Mwache na ya Mteza, inashukia kusini karibu na Kibundani. Mtu anafika pwani ya kusini bila kukanyaga feri. Malori yanaipenda. Sijasikia mtu mwingine aliyeitumia kwenda kuzuru kaburi ambalo, ukisimama kwenye kilima cha bandari, unakaribia kuuona mnazi ulio jirani yake.

Niliafiki haraka, na nisijifanye mwema: sikwenda kwa ajili ya sheikh, Mungu anisamehe. Nilikwenda kwa sababu siku mbili njiani na mama yangu, bila mtoto kusikia, bila kaka kuingilia, zingekuwa nafasi yangu ya kupata jibu. Nilitaka aniambie, kwa mdomo wake, mchukue.

Jumamosi nilimkuta keshavaa. Buibui, viatu vya raba alivyoazima kwa mke wa kaka, mwavuli, na mkoba wenye ubani, chupa ya marashi na shuka la kijani la kufunika kaburi. Msichana wangu alikuwa amechuchumaa akimfunga kamba za viatu. Akampa na chupa ya dawa ya kuchua, kwa sababu ya goti. Kisha akanigeukia mimi. "Dada, umwangalie mama."

"Nitamwangalia," nikasema. Ningesema nini tena?

Tulipofika barabarani tu nikafungua mdomo, na mama akaufunga. "Ndiya ya ziara ni ya tasbihi, si ya porojo," akasema. Akatoa tasbihi yake, akatangulia. Masalaale! Kumbe ana kanuni. Salamu, ataitikia. Sala, tutasali. Maji, ataomba. Zaidi ya hapo ni subhanallahi, alhamdulillahi, mpaka tufike. Nami ni mtu wa maneno, kila anijuaye anajua. Nilitembea nyuma yake kutoka Magongo mpaka Mikindani, kutoka Mikindani mpaka Miritini, nikiutazama mgongo wake na ule mwavuli mweusi, maneno yamenijaa kooni mpaka yananiwasha.

Vijana wa bodaboda walituona vituko. "Mama, panda, nikufikishe bure!" Mama anainua mkono tu. Mmoja akatufuata kwa mwendo wa konokono kama robo saa, akiwa ameamini kabisa kwamba hatuna nauli. Nikamgeukia. "Wee kijana, hebu tuondokee! Tumeshasema hatupandi!" Akaondoka akicheka. Mama hakugeuka, lakini niliona mabega yake yakitikisika, nadhani alicheka. Sikuwa na hakika. Nilitamani sana kujua.

Kwenye barabara mpya hakuna kivuli. Lami inachemka, malori yenye makontena yanakupita mpaka buibui linakushika miguuni. Tulipofika daraja la Mteza, lile refu, jua lilikuwa utosini. Chini ni mikoko na maji ya matope, upepo unapiga kutoka upande wa bahari, na katikati ya daraja huoni mwanzo wala mwisho wa maana. Mama yuko hatua kumi mbele yangu. Nikahesabu, wallahi, ni kumi, nikiongeza mwendo anaongeza, nikipunguza anapunguza. Hapo ndipo nikashindwa. Nikapiga kelele, kwa sababu ya upepo na kwa sababu ya hasira.

"Mama! Mtoto wangu unanipa au hunipi?"

Hakusimama. Hakuongeza mwendo pia. Niliuona mkono wenye tasbihi ukining'inia, vidole havisogei. Akaendelea hivyo mpaka daraja likaisha, halafu vidole vikaanza tena. Nikamfuata nikilia. Dereva wa lori akapiga honi kunisalimu, nikamtukana kimoyomoyo.

Kabla ya magharibi tulifika kwenye boma la mama mmoja wa Kidigo, kando ya mikorosho, huko Dongo Kundu. Mama akamsalimia kwa taratibu zote, akamweleza tuna nadhiri, na yule mama akatupa chumba cha uani bila kuuliza mara mbili. Alituletea uji wa mahindi na samaki wa kukaanga. Tulipokuwa tunakula akaniuliza, kama watu wanavyouliza, "Nawe mwanangu, una watoto wangapi?"

"Mmoja," nikasema. "Binti."

"Mashallah. Yuko wapi?"

Nikamtazama mama. Alikuwa anatoa miba ya samaki. "Yuko kwa mamake," nikasema. Yule mwenyeji akadhani nimechanganya maneno kwa uchovu, akacheka, akanisukumia samaki mwingine. Mama aliendelea na miba yake, mmoja mmoja, akiipanga ukingoni mwa sahani. Nililala nimempa mgongo.

Asubuhi goti lilikuwa limevimba kama boga. Nikamwambia, tuite tuktuk, Mungu anaona. Akatikisa kichwa. Tukatoka. Mwendo wake sasa ulikuwa wa kuburuza, na zile hatua kumi zikawa tano, zikawa mbili, mwisho akawa ameshika mkono wangu bila kuomba. Tulipita Kibundani, tukageuka kaskazini kufuata barabara ya Likoni. Watu wa kusini wanasalimia, basi kila hatua ishirini ni shikamoo na marahaba, na kila salamu mama anapata kisingizio cha kusimama. Kabla ya mtaa wa Shika Adabu akakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, akanyoosha mguu, akafumba macho.

Nikachukua ile dawa nikampandishia buibui nikaanza kumchua. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimgusa mama yangu mguu. Ngozi yake ilikuwa nyepesi, na kwenye ugoko ana kovu ambalo sikulijua. Miaka tisa nimechua miguu ya mama wa mwajiri wangu, kila siku baada ya isha, najua kila mshipa wake. Wa mama yangu siujui. Nikazidisha nguvu. Akaguna.

Kisha akaiweka tasbihi mkobani. "Feri ilikuwa uongo," akasema.

Nikasimamisha mikono.

"Usiache, chua," akasema. "Nikikuona usoni sitaweza. Nilipoweka nadhiri ile nilikuwa siuoni mchana wala usiku. Nilimwambia Mola, nirejeshee mwanangu, sitaki kingine. Akanirejeshea. Siku ile umeingia mlangoni na masanduku yako, umekonda, mato yamekutoka, yule mtoto akakimbia akajificha nyuma yangu. Akaishika kanga yangu hivi, kwa mikono miwili. Wajua nilifanya nini moyoni?"

Nikaendelea kuchua.

"Nilifurahi. Astaghfirullahi. Mwanangu mwenyewe niliyemzaa amesimama mlangoni anatetemeka, nami nafurahi kuwa mtoto kakukimbia. Sasa niende nikashukuru? Nimwambie Mola nini? Ahsante umemleta, ila ungemchelewesha kidogo? Niliona haya. Kila mwaka nikasema feri, feri. Kama si feri ningetafuta kingine."

Ningependa kusema kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikasirika mpaka masikio yakavuma. Miaka mitano nimelala kwenye godoro la wageni nikijiambia kwamba kosa ni langu, kwamba nimekaa mno, kwamba mtoto hana ubaya na mama hana ubaya, mbaya ni mimi. Kumbe kuna mtu alikuwa anaona, na alikuwa anafurahi.

"Kuzaa si kazi, kazi kulea," nikamwambia. "Ndilo unalotaka kusema? Lisemwe basi. Mimi nilimzaa tu."

"Silisemi."

"Nani aliyempeleka shule, mama? Ile ada ilitoka wapi, kwa sheikh?"

"Ilitoka kwako. Na mtoto ni wako. Sijasema si wako." Akafungua macho. Yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. "Mchukue," akasema. "Nimekwambia hapa, na nitamwambia Mola pale. Mchukue. Ila umwambie wewe. Mie ulimi wangu hautanyanyuka."

Basi nililipata nililolitaka, kwenye ngazi ya duka la mtu, mikono yangu yanuka mafuta ya karafuu. Nilingoja furaha ije. Nilimteremshia buibui, nikamwinua, tukaenda, naye kaniegemea uzito wote, na mzito si haba.

Tulifika Timbwani baada ya adhuhuri. Kaburi liko nyuma ya msikiti mdogo, ndani ya kibanda cha mawe, na mwangalizi wake ni mwanamke wa rika langu aliyekuwa anafagia majani. Akatuuliza tumetoka wapi. Mama akasema Changamwe, kwa miguu, tangu jana.

"Changamwe?" Akaacha kufagia. "Kwani feri imeharibika?"

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka, tukawa watu wawili tumelowa jasho na vumbi tunacheka kwenye makaburi, yule mwanamke anatutazama. Halafu akatuuliza nadhiri ni ya nani, na mama akasema, "Mimi niliiweka. Huyu ndiye niliyemwombea." Alinishika mkono wakati anasema.

Tulitandika shuka, tukafukiza ubani, tukamwagia marashi, tukasoma. Mama akaomba dua kwa sauti. Alimshukuru Mungu kwa kunirejesha. Alisema jina langu kamili na la baba yangu, mara tatu, na safari hii hakuna neno lililomkwama. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Akamwombea msichana mitihani yake. Sikusikia amejiombea kitu.

Tulipotoka tulikaa kwenye baraza ya msikiti, na mama akatoa kile kisimu chake cha vitufe, akapiga nyumbani. Kililia mara moja tu, msichana akashika. Sauti ilikuwa juu, hata mimi niliisikia. "Mama! Mmefika? Goti lako je? Umekula? Jana sikulala!" Mama akamjibu, tumefika, goti lipo, tumekula, lala sasa. Kisha akanitazama. "Ngoja," akasema kwenye simu. "Zungumza na mamako."

Hajapata kumwambia hivyo, tangu nirudi. Nikaipokea simu. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga Mtopanga nikifunga chandarua, nimeyapanga darajani, nimeyarudia tangu Shika Adabu: shule zikifunga nakuja kukuchukua, nimekutayarishia chumba. Mama aligeuza uso akawa anatazama barabarani, anajikanda goti. Nilimsikia mwanangu akipumua. Hakusema dada, hakusema mama. Alikuwa anangoja nimwambie kuna nini, na nilijua kwa ile pumzi kwamba anaogopa.

"Goti la mama limevimba sana," nikamwambia. "Leo akirudi umkande kwa maji ya moto na chumvi. Usimwache ainuke ovyo."

"Haya," akasema. Akashusha pumzi. "Nipe mama."

Nikampa.